Pikipiki Inayochemka na Ekzosi Iliyotobolewa

Anayeishi Ijuganyondo hujifunza, apende asipende, kuzitambua pikipiki kwa sauti kabla hajaziona. Zipo zinazopanda kilima kutoka mjini Bukoba zikinguruma kwa utulivu, zimebeba abiria na mzigo wake, na hupita bila mtu kuinua kichwa. Na zipo zinazosikika tangu bondeni, sauti imepasuka kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na dereva akiachia resi kwenye mteremko hutoa milipuko midogo midogo inayoamsha watoto waliokwisha kulazwa. Za aina hii ya pili zimekuwa nyingi. Wenye nazo hawakuzikuta hivyo dukani. Ekzosi imetobolewa kwa drili, au imekatwa na kutolewa matumbo yake, kwa imani kwamba pikipiki ikitoa moshi bila kizuizi hupata nguvu zaidi na injini yake hupoa.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni vigumu kuing'oa. Tumeona tuiandikie katika kurasa hizi za familia, badala ya kuwaachia mafundi peke yao, kwa sababu pikipiki ya bodaboda katika mji wetu ni mali ya familia. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, chombo hiki kimekuwa ndicho ajira ya kwanza ya vijana wengi, na fedha za kukinunulia mara nyingi hutoka kwa mama aliyeuza ndizi, kwa mstaafu aliyepata kiinua mgongo chake, au kwa mjomba aliye Mwanza. Kijana huingia mkataba: kila siku au kila wiki hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na baada ya mwaka mmoja au zaidi, kama walivyoandikiana, pikipiki inakuwa yake. Injini ikifa kabla ya muda huo, hesabu inakatika, mwenye mali anadai, kijana hana kitu, na majirani wawili waliokuwa wakipeana chumvi wanaanza kupitana bila salamu.

Shauri la namna hiyo lililetwa mbele ya kamati yetu. Mama mmoja mjane alikuwa amempa kijana wa jirani yake pikipiki ya mkataba, aina ya Boxer, na ilikuwa imebaki miezi minne tu iwe ya kijana. Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka upande wa Muleba na abiria, na kwenye mwinuko injini ikapoteza nguvu, ikalia kwa chuma, ikazima. Mafundi husema imenoki. Mama alikuja na madai kwamba kijana ameiharibu amana kwa kuitoboa ekzosi ili apate sifa za kijiweni. Kijana, akiwa ameinamisha kichwa, alijibu maneno ambayo hatukuyatarajia.

"Mama, sikuitoboa kwa kiburi. Ilikuwa inachemka tangu kiangazi. Wenzangu wakaniambia ikipumua itapoa."

Tulimwomba fundi mmoja mtu mzima wa Rwamishenye aifungue injini mbele ya pande zote mbili. Alifanya hivyo mchana kutwa, na wakati mikono yake ikifanya kazi alitupa somo ambalo sehemu kubwa ya makala haya imetokana nalo. Neno lake la kwanza kwa yule kijana lilikuwa hili: "Mwanangu, pikipiki haipumui kwa mkia peke yake."

Ndani ya silinda petroli haiungui yenyewe, bali huungua ikiwa imechanganyika na hewa kwa kipimo. Kwa uzito, petroli gramu moja huhitaji hewa gramu 14.7 hivi ili iungue yote bila kubakiza kitu. Injini inayovuta mzigo hutaka petroli zaidi kidogo ya hapo, gramu moja kwa hewa gramu 12 au 13, kwa sababu petroli ya ziada inapogeuka mvuke hubeba sehemu ya joto na kuliondoa. Petroli ikizidi mno, plagi hujaa masizi, moshi huwa mweusi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Ikipungua, mchanganyiko huwa mwembamba na huungua polepole. Hata vali ya kutolea moshi inapofunguka moto bado unawaka, na joto ambalo lingesukuma pistoni huishia kuichoma vali na bomba. Moto wa ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000, nayo pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu inayoyeyuka kwa nyuzi 660. Kinachoiokoa ni kwamba kila mlipuko ni wa muda mfupi sana, na joto lina njia za kutokea: kwenye oili, kwenye mapezi ya silinda yanayopigwa na upepo, na kwenye moshi wenyewe. Njia hizo zikizibwa, au moto ukizidi kipimo, pistoni hutanuka kuliko silinda ya chuma inayoizunguka, maana aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Nafasi ya oili huisha, vyuma viwili vinashikana, na hiyo ndiyo sauti aliyoisikia kijana wetu barabarani.

Watu wa Kagera si wageni wa jambo hili la kupima hewa na moto. Huko Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba, yamefukuliwa mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science namna wazee wa Kihaya walivyojenga upya tanuri la jadi mbele yao, wakaingiza ndani ya moto mabomba ya udongo yaliyounganishwa na mivuo, ili hewa ipashwe joto kabla ya kufika kwenye makaa. Joto la tanuri lile lilipita nyuzi 1,800. Wale wazee hawakuwa na kipimajoto; walisoma rangi ya moto na mlio wa mivuo. Fundi wa Rwamishenye naye hana mashine ya kupimia moshi, na anachosoma ni rangi ya plagi na mlio wa sailensi.

Kazi ya kupima hewa na petroli katika pikipiki zetu nyingi hufanywa na kabureta. Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba, kasi yake huongezeka na kani yake hupungua, na upungufu huo hunyonya petroli kutoka kwenye kikombe kilicho chini. Petroli ndani ya kikombe hukaa kwenye kimo kile kile kwa sababu ya boya dogo: likipanda, sindano yake huziba njia, likishuka, hufungua. Wasomaji wetu waliopitia madrasa na vyuo watafurahi kujua kwamba wazo la boya linalofungua na kufunga vali lenyewe lilikwisha kutumiwa Baghdad katika karne ya tisa na ndugu watatu, Banu Musa, katika Kitab al-Hiyal, kitabu chao cha mitambo. Wao walilitumia katika vyombo vya maji na taa. Karne kumi baadaye wahandisi wa Ujerumani wakalitia kwenye injini ya petroli. Tunalitaja kwa kupita tu, maana pikipiki ya yule mama bado iko juu ya gunia imefunguliwa.

Kabureta hupima hewa kwa ujazo na si kwa uzito, na hapa mahali tunapoishi panaingia katika hesabu. Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu viko juu ya ziwa. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa pwani ikaletwa Bukoba juu ya lori huelekea kutumia petroli zaidi kidogo kuliko inavyostahili. Haiungui injini kwa hilo. Lakini mwenye nayo huona inakula mafuta, humwendea fundi wa njiani, na fundi huyo hukaza skrubu ya kabureta "ili ibane." Safari ya kuchemka mara nyingi huanzia hapo.

Turudi sasa kwenye ekzosi. Kazi yake si kupunguza kelele tu. Kila mara vali ya moshi inapofunguka, wimbi la msukumo hukimbia kwenye bomba, na likikutana na upana mwingine au kizuizi sehemu yake hurudi nyuma. Watengenezaji huchagua urefu wa bomba na vyumba vya ndani vya ekzosi ili wimbi hilo lirudi kwa wakati unaosaidia silinda kutoa moshi wote na kujaza hewa mpya, hasa katika mwendo wa kati, ambao ndio mwendo wa bodaboda. Ukitoboa ekzosi unalivuruga wimbi hilo. Kwa resi kubwa sana moshi hutoka kwa urahisi zaidi na huenda injini ikaongeza nguvu kidogo, na hiyo ndiyo chembe ya ukweli tuliyoitaja. Lakini nani kati ya madereva wetu hupandisha kilima cha Ijuganyondo kwa resi ya mashindano, abiria akiwa amekumbatia mkungu wa ndizi? Katika mwendo wa chini na wa kati nguvu hupungua, na hewa inayopita kwenye injini haiendi tena sawa na kipimo cha petroli kilichowekwa na kiwanda. Kwa kawaida mchanganyiko huelekea kuwa mwembamba.

Fundi wetu hakutaka kulitwika ekzosi kosa lote. Alisema ekzosi iliyotobolewa peke yake mara nyingi haiui injini. Kinachoiua ni mambo yanayofuatana nyuma yake. Dereva huiona pikipiki imelegea kwenye mwinuko, huambiwa kwamba hewa haitoshi, huondoa kichujio cha hewa au kukitoboa boksi lake. Mchanganyiko huwa mwembamba zaidi, na vumbi jekundu la barabara huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuisugua kama msasa. Tena sauti kubwa humdanganya dereva: hudhani ana nguvu, hukaa katika gia kubwa huku injini ikilemewa, au huvuta resi kupita kiasi ili aisikie. Alipoifungua pikipiki ya yule mama tuliyaona yote hayo kwa macho. Kichujio hakikuwapo. Skrubu ya kabureta ilikuwa imekazwa karibu na mwisho. Gasketi inayokaa kati ya ekzosi na kichwa cha injini ilikuwa imekatika, ikivuta hewa kutoka nje kila dereva alipoachia resi, na hiyo ndiyo iliyosababisha ile milipuko ya kwenye mteremko. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Na mapezi ya silinda yalikuwa yamejaa udongo. Hapa fundi alisimama kidogo, akatuonesha kwa bisibisi. Boxer, TVS, Haojue na wenzao hawana rejeta; hupozwa na upepo unaopita kati ya mapezi. Bukoba hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi Tanzania, na matope ya barabara zetu za vijijini hurushwa na tairi la mbele moja kwa moja kwenye silinda, yakakauka humo kama yaliyofinyangwa. Madereva nao hufunga turubai au maturubali madogo mbele ya miguu ili wasilowe, na wabebaji wa ndizi huning'iniza mikungu miwili kushoto na kulia ya injini. Upepo hauna pa kupita. "Hii ilianza kuchemka kwa sababu ya matope," alisema, "halafu mkaitibu kwa drili." Kijana hakusema neno. Mama alivuta khanga yake akatazama pembeni.

Kwa hiyo pikipiki ikichemka, kabureta ndiyo ya mwisho kuguswa. Kwanza ni maji, brashi na mapezi, injini ikiwa imepoa kabisa, kwani maji ya baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua. Kisha oili: pikipiki nyingi hizi hubeba lita moja hivi tu, na oili hiyo hiyo hulainisha, hupoza na kuhudumia klachi. Kiwango chake kitazamwe kila asubuhi, si siku taa inapowaka, maana nyingi hazina taa hiyo. Kwenye kopo litafutwe neno JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki. Oili za magari zina viungo vinavyoweza kuifanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza huzaa joto na kula nguvu. Breki inayokwaruza na cheni iliyokazwa mno nazo huilemea injini. Hayo yote hayahitaji fundi.

Petroli nayo ina neno lake. Nje ya mji, petroli huuzwa katika chupa za maji kandokando ya barabara, zikiota jua. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hupasuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na dereva husikia mlio kama kokoto ndani ya kopo anapopanda mlima. Mlio huo ni pistoni ikipigwa nyundo. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, lakini kinasaba husaidia pale kituoni, hakimsaidii anayenunua chupa njiani. Maji na uchafu wa chupa hizo hushuka hadi kwenye kikombe cha kabureta na kuziba jeti, yaani kile kitundu chembamba kinachopima petroli. Jeti iliyoziba nusu hufanya mchanganyiko uwe mwembamba bila mtu kugusa skrubu yoyote. Na hapa tumeona tatizo lililoenea: mafundi wengi huzibua jeti kwa uzi wa waya wa breki. Waya hukwangua shaba na kukipanua kitundu, na kipimo cha kiwanda hupotea moja kwa moja. Jeti huoshwa kwa petroli safi na kupulizwa kwa upepo wa pampu, basi.

Baada ya hayo ndipo vali zitazamwe. Nafasi kati ya vali na kidole kinachoisukuma ni sehemu chache za mia za milimita, na kila aina ya pikipiki ina kipimo chake katika kitabu kinachokuja nayo, kile ambacho wengi huacha dukani. Nafasi ikiisha, vali ya moshi haifungi sawasawa. Joto la vali hiyo hutokea hasa pale inapokalia kiti chake. Isipokikalia huungua kingo. Mafundi wa pembeni huipima nafasi hiyo kwa kuitikisa kwa vidole, na wanajivunia. Fundi wa Rwamishenye alitoa kipimo cha majani ya chuma mfukoni mwake, akasema kidole cha binadamu hakijui mia za milimita.

Sasa skrubu ya kabureta. Karibu na kila kabureta ipo skrubu ya kurekebisha mchanganyiko wa sailensi, yaani mwendo wa injini ikiwa imesimama. Lakini skrubu hizo ni za aina mbili, na kutozitofautisha kumeua injini nyingi. Iliyo upande wa kichujio hupima hewa: ukiikaza, petroli huongezeka. Iliyo upande wa injini hupima petroli: ukiikaza, petroli hupungua. Fundi asiyejua ni ipi aliyoishika hafai kuishika. Utaratibu wake ni kuiendesha pikipiki dakika kumi ili ipate joto la kazi, kuikaza skrubu polepole mpaka iguse, bila nguvu, kisha kuilegeza mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Kutoka hapo huzungushwa robo kwa robo huku ukisikiliza, mpaka pale injini inapozunguka kwa kasi na ulaini kuliko kwingine. Halafu huongezwa petroli kidogo sana, kiasi cha sehemu ya nane ya mzunguko, na sailensi hurudishwa mahali pake kwa skrubu yake nyingine. Kwa pikipiki za aina hii ni mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Kwa kuwa nyingi hazina saa ya mizunguko, sikio hufanya kazi hiyo: injini iwe imetulia bila kutetemeka, na resi ikivutwa ghafla ipokee bila kusita.

Skrubu hiyo hutawala mwanzo wa resi tu. Katikati hutawala sindano inayopanda na kushuka ndani ya koo, na resi ikifunguliwa yote hutawala jeti kubwa. Ndiyo maana mtu huweza kuzungusha skrubu siku nzima na pikipiki ikaendelea kuchemka kilimani. Sindano ikiwa na mifereji, kuishusha klipu mfereji mmoja huiinua sindano na kuongeza petroli. Kwa ekzosi iliyo nzima na kichujio kilicho safi, jeti iliyowekwa na kiwanda haina haja ya kubadilishwa kwa mwinuko wa Bukoba. Anayeng'ang'ania ekzosi ya wazi atalazimika kutafuta jeti kubwa zaidi, na atalipa tofauti hiyo kila anapojaza tangi.

Majibu ya kazi yote hiyo yako kwenye plagi. Ipandishwe pikipiki mlima kwa resi ya kawaida, izimwe huko huko juu bila kuiacha kwenye sailensi, iachwe ipoe kiasi, na plagi ifunguliwe. Rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo ni afya. Nyeupe au yenye malengelenge ni joto kupita kiasi. Nyeusi kavu ni petroli nyingi, nyeusi yenye mafuta ni ringi zilizochoka. Mama mwenye chombo anaweza kuomba kuoneshwa plagi siku ya kupokea hesabu. Pia anaweza kutazama bomba pale linapoungana na injini: rangi iliyogeuka buluu, au nyeusi iliyoungua ikawa kijivu, ni dalili kwamba joto linapita pasipo pake.

Kuna mwingine anayeungua katika habari hii, naye hayumo kwenye mkataba. Ekzosi ya pikipiki inayofanya kazi huweza kupita nyuzi 200, na akina mama na watoto wengi wa mji wetu wana kovu la mviringo kwenye ndama ya mguu wa kulia, alama ya kushukia upande usio wake. Anayetoboa ekzosi au kuibadilisha mara nyingi huitoa pia kinga ya bati iliyofunika bomba. Baibui na mitandio ya nailoni huyeyuka ikigusa bomba hilo na kuganda kwenye ngozi. Abiria apande na kushuka kwa upande wa kushoto, na mtoto asiachwe achezee karibu na pikipiki iliyosimama punde. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, yai wala oili. Nguo iliyoganda kwenye kidonda isibanduliwe nyumbani. Kidonda chenye malengelenge makubwa, au chochote cha mtoto mdogo, kipelekwe kituo cha afya.

Kuhusu kelele tutasema machache, kwa kuwa wengi wangependa tuseme mengi. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na wagonjwa, wazee na watoto wachanga wana haki ya usiku wao. Waumini wa swala ya Isha nao wamelalamika kwetu mara nyingi. Lakini tumegundua kwamba kijana aliyekaripiwa kwa ajili ya kelele huongeza resi akipita, na kijana huyo huyo akioneshwa pistoni iliyochubuka hunyamaza na kuuliza maswali. Wanane wa kijiweni walikuja kuitazama ile injini mchana ule bila kuitwa.

Shauri lilimalizika hivi. Silinda, pistoni na ringi vilinunuliwa vipya, gasketi ikabadilishwa, kichujio na ekzosi nzima vikarudishwa. Mama alikubali kubeba nusu ya gharama, kwa sababu pikipiki ilikabidhiwa bila kitabu chake na bila makubaliano yoyote ya nani huilipia matengenezo. Kijana alibeba nusu ya pili, na mkataba ukaongezwa miezi miwili. Yaliandikwa na kutiwa saini na mashahidi. Tulipendekeza pia maneno ambayo sasa tunayapendekeza kwa kila familia inayoandikiana mkataba wa namna hii: kwamba ekzosi, kichujio na kabureta havibadilishwi bila idhini ya mwenye chombo, kwamba siku moja katika wiki hesabu hupunguzwa ili pikipiki ioshwe na kukaguliwa, na kwamba oili hubadilishwa kwa umbali uliotajwa kitabuni, si kwa kukumbuka. Kijana mwenyewe ndiye aliyesisitiza hilo la siku ya kuoshwa.

Nchini India, zinakotengenezwa Boxer na TVS, masharti ya moshi yaliyoanza Aprili 2020 yamezifanya pikipiki nyingi za huko ziache kabureta na kutumia kompyuta ndogo inayopima hewa na kupuliza petroli yenyewe. Jirani zetu wa Kigali wamekwisha kuzoea kuona bodaboda za umeme, zisizo na ekzosi kabisa. Zinazouzwa kwetu bado kwa wingi ni za kabureta, na zitakuwa barabarani miaka mingi. Ile ya yule mama imekwisha kupita kipindi cha kulainika kwa silinda mpya, ambapo fundi alimkataza kijana kuvuta resi zaidi ya nusu au kupanda mlima na mzigo mzito. Plagi yake ilifunguliwa Jumamosi iliyopita. Ilikuwa ya rangi ya kahawa.